Tia Sukari, Mwalimu

Mwanamume akivuta kiti mpaka karibu na cherehani ya mwanamke, halafu akakirudisha nyuma kidogo kabla ya kukikalia, huyo ana lake moyoni. Mshona mapazia alikuwa amekiona kiti kile kikienda mbele na kurudi nyuma tangu mvua zilipoanza, na kila siku alijifanya anatafuta mkasi.

Mwenye kiti alikuwa mpokezi wa wageni katika hoteli ya mtaa wa pili. Wenzake kazini walimbandika jina la Karibu Tena, kwa kuwa ndilo neno lake la mwisho kwa kila mtu, hata kwa daktari aliyemng'oa jino. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka linaogopa kujikunja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuomba radhi kwa makosa ya wengine. Zamu yake ya asubuhi ikiisha, alikuja dukani kumfundisha mshona mapazia Kiingereza.

Aliyemleta ni Shangazi wa fundi huyu. Maana mshona mapazia alikuwa na mchumba, na mchumba mwenyewe alikuwa ng'ambo. Alikuwa mhandisi, mtoto wa rafiki yake Shangazi wa tangu usichana wao, aliyechukuliwa na wazazi wake akiwa bado ananyonya na kukulia huko huko. Kiswahili chake kilianzia kwenye "hujambo" na kuishia kwenye "asante sana". Shangazi na rafiki yake walikwisha kupanga kila kitu kwa simu, wakabaki kusubiri wenyewe wazoeane. Picha yake ilikuwa nzuri. Tabia yake nzuri. Hakuwa na kasoro, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mtu akiwa na kasoro unapata pa kushikia unapotaka kukataa.

Basi kazi ilikuwa hivi. Mhandisi akituma ujumbe, Karibu Tena anaueleza. Mshona mapazia anasema kwa Kiswahili anachotaka kujibu, Karibu Tena anamchagulia maneno ya Kiingereza, naye anayaandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Kiingereza, Dada Fundi, ni kama duka lako hili," alimwambia siku ya kwanza, akishika kitambaa kimoja baada ya kingine. "Jambo moja lina mapazia mengi. Kuna neno jepesi kama wavu huu, mtu wa nje anakuona mpaka ndani. Na kuna neno zito kama hili la sebuleni, linakusitiri. Yote ni mapazia. Ila lazima ujue unalitundika dirisha gani, na nani anapita nje."

"Na mimi kwa mchumba nitundike lipi?"

Karibu Tena alikunja kile kitambaa kizito polepole, akakirudisha mahali pake.

"Zito," alisema. "Mwanamke anayejiheshimu, kabla ya ndoa, hutundika zito."

Naye akaamini. Angeacha vipi kuamini, na mtu anasema huku ameangalia sakafu?

Alasiri ile Mhandisi alikuwa ameandika kwamba kichwa kinamuuma, na anatamani angekuwa karibu naye.

"Unataka kumjibu nini?" aliuliza Karibu Tena.

"Pole. Kwani kuna jingine?"

"Pole ziko nyingi, Dada Fundi. Kuna 'Poor you'. Hiyo unamwambia mtu wako, huku mkono uko kwenye paji lake la uso. Kuna 'I'm sorry you're not well', hiyo ni ya jirani mwema. Halafu kuna 'I was sorry to learn of your indisposition'."

"Hiyo ya mwisho inasemwa na nani?"

"Na... watu wa heshima."

Mshona mapazia akaiandika, herufi baada ya herufi. Lile neno la mwisho lilikuwa refu kama reli ya dirisha la ukumbi. Karibu Tena alimtajia herufi akiwa ameinama karibu na bega lake, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya chai. Mshona mapazia alikosea makusudi ili atajiwe tena. Msimhukumu. Mwenye njaa hulamba hata kijiko.

Alipomaliza, alishika ncha ya uzi akauzungusha kidoleni.

"Mimi nikiumwa kichwa, ungeniambia ipi kati ya hizo tatu?"

Karibu Tena aligeukia mlangoni. Nje mwuza ndala alipita akiita wateja, akaenda mpaka sauti yake ikafifia.

"Wewe ningekuletea maji," alisema.

Halafu kiti kikarudi nyuma.

Hapo ndipo Shangazi alipoingia. Hakupiga hodi, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu aendaye vitani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe Karibu Tena, simama."

"Shikamoo, mama," alisema Karibu Tena, akasimama.

"Marahaba, kaa. La, simama! Unanichanganya na adabu zako." Shangazi alijitupa juu ya marobota ya kitambaa, akapumua. "Leo nimepigiwa simu na mama yake Mhandisi. Analia. Mwanawe anasema binti yetu hampendi. Nikamwambia, mbona binti yetu kila siku anaandika? Akasema ndiyo, anaandika. Anaandika kama ofisi ya maji inayotangaza kwamba kesho maji yatakatwa!"

Mshona mapazia alihisi masikio yake yakipata moto.

"Alikwambia amekuota usingizini. Ulimjibu nini?"

"'Thank you for your message,' Shangazi."

"Ndiyo nini?"

Karibu Tena alikohoa. "Asante kwa ujumbe wako, mama."

"Mtu kakuota, unamshukuru kwa ujumbe! Na alipokwambia anahesabu siku za kukuona?"

"'Your patience is appreciated,'" alisema mshona mapazia, na safari hii sauti haikutoka vizuri.

"Uvumilivu wako unathaminiwa," alitafsiri Karibu Tena, akiuangalia mlango kama mgeni aliyekosa chumba.

"Unathaminiwa na nani?" Shangazi alipiga paja. "Na kampuni? Na serikali? Mwenye kuthamini hana jina?"

"Kosa ni langu, mama. Ni mazoea ya kaunta. Hotelini ndivyo tunavyowaandikia wageni."

Mshona mapazia alimtazama. Aliwahi kwenda hotelini kwao kutundika mapazia, akamkuta na bibi mmoja wa Kizungu aliyepoteza miwani yake. Karibu Tena alimwinamia akamwambia, "Don't you worry, we'll find them," yaani asijali, wataipata, kwa sauti laini mpaka yule bibi akamshika mkono na kusahau kulia. Yeye akiwa juu ya ngazi, na pete za pazia mdomoni, alitamani apoteze kitu.

Kwa hiyo maneno mepesi anayo, aliwaza. Anayo tele, ila kwa Mhandisi yamemshinda kuyatoa. Mwanzoni aliona aibu, jinsi alivyofanywa kinyago cha ofisi ya maji mbele ya mtu asiye na kosa. Halafu chini ya ile aibu kikapita kitu kingine, kitamu na cha kutisha.

"Sasa sikilizeni," alisema Shangazi. "Mhandisi anapiga leo leo, saa kumi. Anataka kumsikia kwa masikio yake. Akisikia mapenzi, anakata tiketi anakuja, tunafunga ndoa, anaondoka na mkewe. Akisikia ofisi ya maji tena, basi, ameacha." Sauti yake ikashuka. "Huyu nimemlea mimi, tangu mama yake aliponiwekea mikononi akiwa hata kichwa hajakikaza. Sitaki nife nimwache anakanyaga cherehani peke yake. Mfundishe yale matamu. Hapa hapa, nikisikia."

"Lakini mama, Kiingereza hukijui."

"Kiingereza sikijui. Sukari naijua. Nimeolewa mara mbili."

Karibu Tena akaketi. Aliweka mikono magotini, akatazama robota la kitambaa cha kijani, akasema, "I've missed you. Maana yake, nimekukumbuka sana."

Alilisema kama anatangaza muda wa kufunga bwawa la kuogelea.

"Hiyo haina sukari," alisema Shangazi.

"I've missed you."

"Bado. Unamwambia nani, ukuta? Mtazame mtu! Akuige vipi na wewe unaongea na marobota? Tia sukari, Mwalimu."

Kiti kikageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, kilisogea mbele na hakikurudi. Karibu Tena alimtazama mshona mapazia machoni. Lile tabasamu la kaunta lilikuwa limedondoka, na chini yake kulikuwa na uso mwingine, wa mtu aliyelala vibaya siku nyingi.

"I've missed you," alisema.

Mguu wa mshona mapazia ulikanyaga pedali bila kutumwa. Sindano ikashona hewa.

"Eeh!" Shangazi akajipepea kwa mkoba. "Hiyo ndiyo! Hata mimi nimeona joto. Lingine."

"I think of you," alisema Karibu Tena, hajabandua macho. "Nakufikiria. Hili ni la kawaida, mama, unaweza kumwandikia hata mwalimu wako wa zamani. Lakini kuna 'I think about you all the time'. Hili la pili..." Akameza mate. "Hili la pili huwezi kumwambia mtu halafu ukainuka ukaenda zako."

"Lirudie."

"I think about you all the time."

"Mwanangu, lishike hilo. Mbona unalia?"

"Vumbi la kitambaa, Shangazi."

"Kitambaa gani na hujakata leo? Haya, sema na wewe."

Mshona mapazia alifungua mdomo. Badala ya sentensi aliyofundishwa yakatoka maneno mawili madogo, ya kwake, ambayo hakuna aliyemchagulia.

"Why now?"

Kwa nini leo. Siku zote hizo amekuwa wapi?

"Because today I'm allowed," alijibu Karibu Tena. Leo amepewa ruhusa. Akaongeza kwa haraka, kwa sauti iliyokatika katikati, "I couldn't be the one to give you away." Hakuweza yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kumtoa akampa mtu mwingine.

"Mnasema nini?" aliuliza Shangazi.

"Mazoezi, mama. Swali na jibu."

"Mbona mwalimu naye anatetemeka?"

"Ni... sukari, mama. Nimezidisha."

Simu ililia.

Shangazi aliinyakua, akaiweka juu ya meza ya kukatia, kwenye sauti kubwa, akafuta kioo chake kwa kanga. Karibu Tena alisimama kutaka kutoka.

"Kaa!" alinong'ona Shangazi. "Akikwama umsaidie."

Naye akaketi. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo, kuwekwa kitako kumsaidia umpendaye asikwame anapomwambia mwingine anampenda.

"Hujambo?" ilisema sauti ya Mhandisi. Ilikuwa sauti nzuri, yenye wasiwasi kidogo, ya mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo. Akaendelea kwa Kiingereza, polepole ili afahamike. Alisema hataki kumsumbua, ila angependa kusikia kutoka kwake mwenyewe kama yuko moyoni mwake.

Mshona mapazia aliielewa kila sentensi. Aliyemfundisha alimfundisha vizuri, masikini.

Maneno yote yalikuja yakapanga foleni mbele yake. La kumwambia anamfikiria lilikuwa tayari ulimini. Akilisema, Shangazi atalala usingizi, na ndege itapaa. Na kwa kukataa pia alikuwa na maneno. Kulikuwa na "I regret to inform you", nasikitika kukuarifu, ambalo mtu hulipokea ndani ya bahasha. Kulikuwa na "I'm afraid", la kusema kwa bahati mbaya, ambalo Karibu Tena huwaambia wageni vyumba vikijaa, akitabasamu. Angeweza kujificha nyuma ya lolote kati ya hayo, na asionekane hata ncha ya kidole.

Alimtazama Karibu Tena. Yeye, ambaye kazi yake yote duniani ni kumwambia mtu aseme nini, alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumtajia hata herufi. Katika jambo hili hakutaka kumchagulia.

Basi alikaribia simu, akaongea nayo kama vile mtu mwenyewe amekaa mezani pale.

"You are a good man," alisema. Wewe ni mtu mwema. Akapumua. "I can't marry you. I'm sorry. I'm so sorry."

Siwezi kuolewa nawe. Alilisema taratibu, kwa sauti ya chini, na mwisho wake ukalowa machozi. Halikuwa na neno hata moja refu.

Shangazi alikuwa bado anatabasamu, kichwa amekiinamisha upande, anaonja. Kisha tabasamu likaanza kupungua, kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta.

Mhandisi aliuliza kama kweli ni yeye anayeongea.

"Yes. It's me."

Akamwambia kwamba anamshukuru. Kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amemsikia. Sauti yake ilikwaruza, akatafuta jambo la kumwachia, akaangukia Kiswahili chake chote alichokuwa nacho. "Asante sana," alisema. Na simu ikakatika.

Shangazi alifungua mkoba, akaufunga.

"Umemkataa," alisema.

"Nani kakwambia, Shangazi?"

"Nimekwambia sukari naijua. Ile haikuwa ya kumkaribisha mtu. Ile ni ya kumpa mtu dawa chungu." Aliutazama uso wa binti aliyemlea, kisha shati jeupe lililokuwa limekwisha kujikunja kila mahali. Akaviangalia na viti, jinsi vilivyokaribiana. Mtu aliyeolewa mara mbili hahitaji kuelezwa. "Ala! Kumbe mimi hapa nilikuwa napiga makofi huku naibiwa."

"Shangazi, mimi ndiye..."

"Nyamaza. Na wewe, Karibu Tena! Una la kusema? Kwa Kiswahili!"

Karibu Tena alisimama wima, visigino pamoja.

"Mama," alisema, "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

"Usumbufu!" Shangazi alikaribia kuvunja mkoba. "Umenipokonya mkwe mhandisi, unaniletea usumbufu uliojitokeza! Umejitokeza wenyewe? Haukuwa na miguu ya mtu?"

Mshona mapazia alijikuta anacheka huku machozi yanashuka. Karibu Tena alifunga macho. Kwa muda alionekana kama mtu anayepapasa gizani mahali palipo na swichi.

"Nampenda," alisema. "Nimetafuta namna ya kulisema kwa heshima, mama. Sijaiona."

Shangazi alijifunga kanga upya, akaelekea mlangoni.

"Funga duka," alimwambia mshona mapazia. "Twende nyumbani. Na huyu kesho asije. Masomo yamekwisha."

Alisimama barazani, amewapa mgongo. Kufunga duka lile kulikuwa na mambo matatu manne: kufunika cherehani, kuzima feni, kushusha shata la mlango. Walifanya yote pamoja. Shata lilipofika chini, mikono yao ilikuwa imeshika ukingo mmoja, na mshona mapazia aliona vidole vya mwenzake vimekuwa vya baridi. Alitaka kuvikusanya vyote mkononi mwake. Alitaka kumuuliza ataishije kesho, saa yake ya kuja ikifika na yeye haruhusiwi kuja. Akamwambia jambo dogo kuliko hayo.

"Yale maji uliyosema."

"Yapi?"

"Ya kuniletea. Nitakuwa na kichwa kinauma."

"Mbona leo kufunga duka kunachukua muda wa kushona?" aliita Shangazi bila kugeuka.

Wakaondoka, Shangazi mbele, binti nyuma. Walipita kwa mshona viatu na kwa wauza magazeti. Jua lilikuwa limeshuka likawagonga usoni, na kila hatua mshona mapazia alihisi kuna uzi umefungwa katikati ya mgongo wake, mwisho wake umeshikwa pale penye shata, na unazidi kunyooka.

Walipofika kona, Shangazi alipunguza mwendo.

"Huyo ana mama?"

"Anaye, Shangazi."

"Anaongea lugha gani?"

"Yetu hii."

Shangazi alitembea kidogo, mdomo ameukaza. Alikuwa bado na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kuisha leo wala kesho. Lakini alipiga pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo mmoja ili ajifunge mwingine.

"Afadhali," alisema. "Nimechoka kukaa kwenye posa kama kiziwi."

Mshona mapazia alisimama.

"Usigeuke," alisema Shangazi. "Ukigeuka atadhani tumekubali."

Akageuka.